Dirisha la Hewa na Sitara



Mwezi wa Machi, kaskazi inapolegea na kusi bado haijaanza kuvuma, jua la Mombasa husimama karibu na utosi, na nyumba zetu za ng'ambo ya kisiwa huwa kama tanuri. Apitaye Mtongwe, Mishomoroni au Chaani wakati wa adhuhuri ataona jambo la ajabu: joto ni kali, ilhali madirisha mengi yamefungwa na mapazia yameshushwa. Wenye kutoka wametoka, wako kazini, barazani au msikitini. Waliobaki ndani ni akina mama, mabinti, wazee na watoto wachanga. Hawakufunga kwa kupenda joto. Wamefunga kwa sababu dirisha likiachwa wazi, jirani wa ghorofa ya mkabala huona mpaka kitandani.

Juma hili twapenda kuzungumza na familia zinazojenga, na zile zinazofikiria kubadili madirisha. Je, ni lazima mwanamke achague baina ya hewa na sitara? Twaona si lazima. Iko aina moja ya dirisha ambayo haijazoeleka sana kwetu, nayo yastahili kuangaliwa: dirisha la bawaba linalofunguliwa kwa mkono wa kuzungusha.

Tuanze na sitara, kwani ndiyo iliyofunga madirisha. Katika Surat An-Nur, aya ya 27, waumini wamekatazwa kuingia nyumba zisizo zao mpaka waombe idhini na kuwatolea salamu wenyewe. Na katika hadithi ya Sahl bin Saad (R.A.), iliyopokewa na Bukhari na Muslim, mtu mmoja alichungulia kupitia tundu nyumbani kwa Mtume (S.A.W.), naye Mtume akamfahamisha kwamba kuomba idhini kumewekwa kwa ajili ya macho. Basi jicho linaweza kuingia nyumbani kabla ya mguu, na dirisha nalo ni mlango wa jicho.

Wazee wetu walilijua hilo walipojenga. Nyumba za mawe za Lamu, mji ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, zilipata hewa na mwanga kupitia ua wa ndani, na kuta za nje zikabaki na matundu machache. Katika Mji wa Kale wa Mombasa, roshani za mbao na madirisha ya vibao vya mshazari yalimwezesha aliye ndani kupata upepo na kuiona njia bila ya yeye kuonekana. Hewa na sitara vilikuwa katika kitu kimoja.

Viwanja vya leo vya Kisauni, Likoni na Changamwe aghalabu havina nafasi ya ua. Nyumba imesogeleana na nyumba, na dirisha limetazamana na dirisha. Lililoenea zaidi katika majengo mapya ni dirisha la aluminiamu la kusukuma pembeni, ambalo mafundi huliita slaidingi. Lina faida zake: halichukui nafasi nje, na mafundi wanalijua vyema. Lakini la vioo viwili nusu yake haifunguki kamwe. Dirisha la futi 4 kwa futi 4 lina eneo la futi mraba 16, na la kusukuma hukupa 8 tu kwa wakati mmoja. Tena pale lilipofunguka pako wazi kabisa. Hapana kinachozuia jicho ila pazia, na pazia likishushwa huzuia upepo pia. Luva za kioo hupitisha hewa vizuri zaidi, lakini hazizibi sawasawa. Vumbi la malori hupenya, na kioo chake mwizi aweza kukichomoa kwa subira.

Dirisha la bawaba hufunguka karibu lote, kama mlango. Lile la kuzungusha lina mkono mdogo chini ya fremu, upande wa ndani, mfano wa ule uliokuwa ukiteremsha vioo vya magari ya zamani. Ukiuzungusha, gia husukuma kijiti cha chuma, nacho hulisukuma bawa la dirisha kwenda nje. Gia hiyo huzungushwa na mkono tu. Upepo ukilisukuma bawa hauwezi kuigeuza. Kwa hiyo dirisha hubaki pale pale ulipoliacha, liwe limefunguka inchi mbili au limefunguka lote, wala halijipigi ukutani mvua ya masika inapokuja na upepo.

Hapo ndipo sitara inapokutana na hewa. Weka katika bawa hilo kioo chenye ukungu, kile kinachopitisha mwanga bila kuonyesha umbo. Ukilifungua kwa kiasi, kioo hubaki baina ya chumba na jirani wa mkabala, na upepo huingia kwa ubavuni. Bawa hilo hufanya kazi ya tanga la jahazi: hukamata upepo unaopita kandokando ya ukuta na kuuelekeza ndani. Chukua chumba kinachotazama mashariki, kwenye bahari, chenye dirisha la mabawa mawili. Kusi inapovuma, fungua bawa lenye bawaba upande wa kaskazini, nalo litaupokea upepo utokao kusini. Kaskazi ikirudi mwisho wa mwaka, fungua lile la pili.

Faida nyingine ni ya mbu na wezi. Madirisha mengi ya chuma ya bawaba yaliyopo kwetu yana grili kwa ndani, na kulifungua kwataka upitishe mkono katikati ya nondo. Ukiweka wavu wa mbu, mkono haupiti tena. Ndiyo maana nyavu nyingi zimechanwa pembeni. Mkono wa kuzungusha huwa upande wa ndani wa wavu na wa grili, ukipangwa hivyo tangu mwanzo, na dirisha hufunguliwa bila kugusa kimojawapo. Vilevile bibi mwenye maumivu ya bega, au mama aliyesimama mbele ya sinki, halazimiki kujinyoosha ili kusukuma kioo.

Wala hili si la starehe tu. Hewa ya nyumbani ni afya. Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa moshi wa majumbani, utokao zaidi katika kupikia kwa kuni, makaa na mafuta ya taa, ulichangia vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020, na wanaokaa karibu na jiko ni wanawake na watoto. Kuhusu kifua kikuu, utafiti uliochapishwa mwaka 2007 kutoka hospitali 8 za mji wa Lima, nchini Peru, ulionyesha kwamba madirisha na milango ikiachwa wazi, hewa ya chumba ilibadilika kwa wastani mara 28 kwa saa, kuliko mara 12 zinazopendekezwa kwa vyumba vinavyopulizwa kwa mashine. Vyumba vya kizamani vyenye dari ndefu na madirisha makubwa ndivyo vilivyofanya vyema zaidi.

Hata hivyo, ndugu msomaji, dirisha hili si dawa ya kila nyumba, na kabla ya kumwita fundi yako mambo ya kuzingatia.

La kwanza ni haki ya jirani na ya njia. Bawa hufunguka kwenda nje. Ikiwa nje ni kichochoro ambamo watu hupita, kona ya kioo itakuwa kwenye uso wa mpita njia, na hilo ni dhara lisiloruhusiwa. Mahali kama hapo heri luva au la kusukuma. Ama chooni na jikoni, bawa lenye bawaba kwa juu lafaa zaidi, kwani hutoa joto na mvuke hata mvua ikinyesha.

La pili ni chumvi ya bahari. Gia na kijiti cha chuma cha kawaida hula kutu upesi katika hewa yetu. Taka vyuma visivyoshika kutu, vitie mafuta kidogo kila msimu, na uulize kabla ya kununua kama vipuri vinapatikana mjini. Bei yake ni kubwa kuliko ya slaidingi, kwa hiyo asiyeweza kubadili yote na aanze na chumba cha kulala na jikoni.

La tatu ni kwamba upepo hauingii pasipo na pa kutokea. Chumba chenye dirisha moja, na mlango umefungwa, hakitapoa kwa dirisha la aina yoyote. Acha tundu la hewa juu ya mlango, au dirisha la pili katika ukuta mwingine.

La nne ndilo zito kuliko yote. Grili inayomzuia mwizi humzuia pia mwenye nyumba moto unapozuka. Mtume (S.A.W.) ametukataza kuacha moto ukiwaka majumbani tunapolala, na jiko la makaa lililoachwa chumbani hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, ambayo dirisha lililofunguliwa kidogo halitoshi kuiondoa. Basi kila chumba cha kulala na kiwe na grili moja yenye bawaba, ifunguke kwa ndani, na ufunguo wake ukae mahali ambapo hata mtoto mkubwa anapajua. Na katika nyumba za ghorofa, mkono wa dirisha uchomolewe watoto wadogo wakiwapo, kwani wavu wa mbu haumzuii mtoto kuanguka.

Tunamaliza kwa neno kwa wenye kujenga. Aghalabu dirisha huchaguliwa na watu wawili: baba anayelipa na fundi anayejenga. Wote wawili hutoka asubuhi. Atakayeishi na dirisha hilo saa nyingi za mchana, akipika, akinyonyesha, akisali na kumuuguza mzee, hakuulizwa. Katika Surat Ash-Shura waumini wamesifiwa kuwa mambo yao ni kwa kushauriana, na dirisha ni katika mambo hayo. Kabla ukuta haujafika kwenye linta, mchukue mkeo au mama yako, simameni ndani ya kila chumba, na umuulize: hapa upepo watoka wapi, na nani atakuona? Jibu lake ndilo limwongoze fundi.

Mwenyezi Mungu (S.W.) azijaalie nyumba zetu ziwe na utulivu, sitara na afya. Amin.

Wabillahi tawfiq.