Kusimama si woga

Ndugu wachimbaji, na ninyi bamama na batoto wa kambi,

Mwana wangu anacheza Rogue mu ordinateri. Ni mchezo wa Marekani, wa 1980. Mtu mmoja anashuka mu shimo, etaji kwa etaji, mpaka ya 26, kutafuta hirizi ya Yendor na kuipandisha juu. Chakula kikiisha, njaa inamuua. Akikufwa, njo mwisho: anaanza tena juu kabisa, na shimo limebadilika.

Nikacheka: si ni kazi yetu ile! Lakini kule adui hatembei mpaka wewe utembee. Unaweza kufikiri hatua moja saa nzima, hakuna wa kukufokea.

Na sisi? Ukisimama kuangalia jiwe la juu ya kichwa, shefu analalamika: «Haraka, produksio!» Kumbe mkataba namba 176 wa OIT, wa 1995, unasema mchimbaji ana haki ya kutoka mahali penye hatari kubwa.

Mwana anaanza upya. Baba yake hapana. Basi, ukiona jiwe linaachia, simama, ita delege. Anayekuita mwoga, mwambie atangulie yeye.