Rangi ya kiwanja cha ndege si kazi ya kubahatisha

Asubuhi ya Oktoba 8, 2001, ukungu mzito ulifunika kiwanja cha ndege cha Linate, Milan. Ndege ndogo aina ya Cessna ilitakiwa kupita kiungio cha R5, ikaingia R6. Rubani akaripoti kuwa yuko karibu na S4, alama aliyoiona imechorwa chini. Alama hiyo haikuwamo kwenye ramani za kiwanja. Haikupita muda, Cessna ilikuwa imekata barabara ya kurukia, mbele ya MD-87 ya shirika la SAS iliyokuwa mbioni kuondoka kwenda Copenhagen. Ndege hizo ziligongana, wakafa watu 118, wanne kati yao wakiwa kazini ndani ya jengo la mizigo.

Rangi peke yake haikuwaua. Rada ya ardhini haikuwa ikifanya kazi, na uzembe ulikuwa wa wengi. Lakini wachunguzi wa Italia waliandika pia kwamba alama za kiwanja kile zilichakaa na hazikufuata viwango vya kimataifa.

Tunalikumbusha hili kwa sababu wapo wanaodhani kwamba aliyezoea kuchora vivuko vya waenda kwa miguu anaweza kukabidhiwa kiwanja cha ndege. Hawezi, mpaka afundishwe.

Chukua mistari ya njano ambako ndege husubiri kabla ya kuingia barabara ya kurukia. Ni minne: miwili mizima, miwili ya vipande. Mizima hukaa upande wa ndege inayosubiri, kumwambia rubani asivuke bila ruhusa ya mnara. Fundi akiigeuza, ambalo ni kosa la dakika chache tu, amemfungulia mlango aliyepaswa kuzuiwa. Au hesabu michirizi myeupe mwanzoni mwa barabara: yenye upana wa mita 45 ina michirizi 12, ya mita 30 ina minane. Rubani huisoma. Anayepunguza miwili ili kuokoa rangi amemdanganya.

Kisha kuna punje za kioo zinazoufanya mstari ung'ae usiku. Zikimwagwa kabla ya wakati huzama zote. Zikichelewa, rangi imeshashika ngozi na punje zinapeperuka. Zinatakiwa zizame takriban nusu. Mkono hauzoei hilo kwa kusoma maandishi ya kwenye kopo.

Na mzaha mkubwa kuliko yote ni kufuta mstari wa zamani kwa kuupaka rangi nyeusi. Nyeusi huchakaa, mstari uliozikwa hufufuka, na katika mvua ya jioni rubani anaona njia mbili. Nao mpira wa matairi ulioganda barabarani usipoondolewa kwanza, rangi inayopakwa juu yake hubanduka na magamba yake yanaweza kuvutwa na injini.

Tunajua hoja ya gharama, na kwamba kazi hii hufanywa usiku kwa saa chache kabla ya ndege ya kwanza. Hiyo ndiyo sababu ya kutaka mikono inayojua, kwa kuwa alfajiri hakuna nafasi ya kurudia.

Mamlaka za viwanja Dar es Salaam, Nairobi, Entebbe na kwingineko ziandike ndani ya zabuni mafunzo ya fundi mwenyewe, si miaka ya kampuni pekee, na anayepokea kazi naye awe amefunzwa kuikagua. Mzabuni asiyeweza kuonyesha fundi wa namna hiyo asipewe kazi, hata kama bei yake ndiyo ya chini kuliko zote.