Tunayoyadai Bayreuth Tuyatende Mufindi

Tangu mwaka 1987, wataalamu wa Kiswahili wamekuwa wakikutana Bayreuth, Ujerumani, katika kongamano la lugha hii na fasihi yake. Mwaka 2021 UNESCO iliitangaza Julai 7 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Tunapokwenda katika majukwaa hayo, sisi wanazuoni hubeba hoja moja ya haki: lugha isiyo na nafasi chuoni huishia kudharauliwa hata na wenyewe. Hoja hiyo naiunga mkono. Ninalouliza ni iwapo tuko tayari kuisikiliza inapoelekezwa kwetu.

Katika vyuo vikuu vya ughaibuni iko lugha nyingine inayodai nafasi kwa hoja hiyohiyo, nayo ni Kikatalani. Chini ya utawala wa Franco, tangu 1939 hadi 1975, lugha hiyo ilifukuzwa shuleni na katika ofisi za umma za Hispania. Leo ipo taasisi ya umma, Institut Ramon Llull, iliyoanzishwa mwaka 2002, ambayo husaidia ufundishaji wake katika makumi ya vyuo vikuu duniani. Wahadhiri wake hawaishii kwenye sarufi. Huandaa usomaji wa mashairi, maonyesho ya filamu na sherehe ya Sant Jordi ya Aprili 23, ambapo watu hupeana vitabu na mawaridi. Mwanafunzi wa kigeni huionja lugha hiyo kwanza kama sanaa, kisha hujifunza kanuni zake.

Wengi wetu, tukiisoma habari hiyo, hukifananisha Kikatalani na Kiswahili: lugha mbili zinazopigania heshima mbele ya lugha kubwa zaidi. Mbele ya Kiingereza, mfanano huo una ukweli. Lakini ndani ya mipaka yetu Kiswahili ndicho kilichokalia kiti cha Kihispania. Aliyekalia kiti cha Mkatalani ni Mhehe, Mbena, Mkinga, Msafwa na Mnyakyusa.

Tazama Mgololo. Hapo, wilayani Mufindi, ndipo serikali ilipojenga kiwanda cha karatasi kilichoanza kazi katika miaka ya 1980, kikitumia misindano ya msitu wa Sao Hill. Ni ajabu kwamba katika nchi hiyo ya karatasi, Kihehe na Kibena ni nadra kuonekana karatasini. Mtoto huanza shule kwa Kiswahili, huingia sekondari kwa Kiingereza, na lugha ya bibi yake hubaki ya mazishi na ngoma za harusi. Kanuni za utangazaji nazo huzitaka redio zitumie Kiswahili au Kiingereza, isipokuwa kwa kibali maalumu.

Haya si matakwa ya sera yetu wenyewe. Sera ya Utamaduni ya mwaka 1997 ilitamka kwamba jamii ziendelee kujivunia lugha zao za asili, na ikahimiza utafiti, kamusi na vitabu vya sarufi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia Mradi wa Lugha za Tanzania, kilifanya kazi ya kuheshimika na kutoa atlasi ya lugha hizo mwaka 2009. Huko Mbeya, hata hivyo, kazi kubwa ya kuzipatia tahajia lugha kama Kisafwa na Kimalila imefanywa na watafsiri wa Biblia. Nawashukuru, lakini naona haya kwa niaba ya vyuo.

Najua pingamizi litakalokuja: ukabila. Wengine watanitajia kura ya Catalonia ya mwaka 2017 kama onyo. Naliheshimu pingamizi hilo, kwa kuwa umoja wetu haukuokotwa njiani. Lakini Franco aliizima lugha ile kwa karibu miaka 40, na haikupata kuwa dawa ya umoja. Isitoshe, Kiswahili kimekwisha kushinda nchini; hakitishwi na shairi la Kibena. Mwalimu Nyerere alikulia katika Kizanaki, na hilo halikumzuia kukijenga Kiswahili.

Siombi Kihehe kiwe lugha ya kufundishia fizikia. Naomba mambo matatu. Vyuo vya Iringa na Mbeya viwe na somo la hiari la lugha moja ya jirani zao, lenye alama na mwalimu anayelipwa. Kila Julai 7, pamoja na ngonjera za Kiswahili, watambaji na waimbaji wa lugha hizi waalikwe jukwaani na kurekodiwa kwa ridhaa yao. Na kibali cha redio kutumia lugha ya asili, walau saa moja kwa wiki, kisiwe cha kutafutwa kwa mbinde.

Mwaka 1954 fuvu linalotajwa kuwa la Mtwa Mkwawa lilirudishwa kutoka Ujerumani, nalo limehifadhiwa Kalenga. Tulilipokea kwa heshima kubwa. Lugha aliyoitumia kuwaamuru askari wake haijapelekwa ughaibuni. Ingali vinywani mwa wazee wa Mufindi na Kilolo, na wazee hao hawatatungoja.