Acha Kusafisha Hedi Ovyo, Wino Wako Unaishia Kwenye Sponji

Wauzaji wenzangu wa mtandaoni, leo tuongee kuhusu hizi printa za wino tunazochapia lebo na stika.

Lebo ikitoka na mistari myeupe, wengi wetu tunakimbilia kubonyeza kusafisha hedi. Haijakaa sawa? Tunabonyeza tena, na tena, hadi mara ya saba. Kwangu mimi huko ni kumwaga hela. Kila ukisafisha, printa inavuta wino uleule ulionunua na kuumwaga kwenye sponji iliyo ndani yake. Sponji ikijaa, printa nyingi zinagoma kabisa mpaka ibadilishwe.

Anza kwa kupima. Kwenye menyu ya matengenezo kuna ukurasa wa kukagua matundu ya wino. Unakula wino kidogo sana, na unakuonyesha tatizo lilipo:

👉 Mistari imekatika au rangi moja haipo: wino umeisha au matundu yameziba. Angalia wino kwanza. Kama upo, safisha mara moja, kagua tena. Ukifika mara tatu bila nafuu, zima printa uiache mpaka kesho ndipo ujaribu tena.

👉 Ukurasa uko safi ila maandishi ya lebo yana kivuli, au mistari ya wima imepinda: hapo hedi inahitaji kupangwa upya, sio kusafishwa. Chaguo lake lipo kwenye menyu hiyohiyo.

👉 Ukurasa uko safi ila wino unachafuka ukiugusa: kagua karatasi. Huenda umechapa upande usiofaa, umechagua aina nyingine ya karatasi kwenye kompyuta, au umeuziwa stika za printa ya leza. Nyingi za hizo hazinywi wino.

Halafu kuna hii tabia ya kuzima printa ukutani. Ukizima kwa kitufe chake, hedi inarudi mahali pake na kufunikwa isikauke. Ukikata umeme katikati ya kazi, inabaki wazi. Kwa hiyo hata TANESCO wakikata, umeme ukirudi iwashe, kisha izime kwa kitufe. Na wiki isipite bila kuchapa ukurasa mmoja wenye rangi zote, hata kama huna oda.

Najua kuna atakayesema, "Oda zinasubiri, muda wa kupima naupata wapi?" Sawa. Ila namba ya simu kwenye lebo ikikatika, 7 ikaonekana kama 1, bodaboda atampigia nani? Mzigo unarudi, nauli unalipa mara mbili, na mteja anaandika kwenye ukurasa wako kwamba wewe ni tapeli. Hedi iliyoziba inasafishika. Jina likichafuka ni kazi nyingine.

Printa yako inakusumbua wapi? Andika hapo chini tusaidiane. 👇