Je, Mtumbwi Hupimwa kwa Futi Tu?

Jambo lililobishaniwa sana bwenini mwetu muhula huu ni mitumbwi. Wengi wetu twatoka kandokando ya Ziwa Viktoria, wengine Visiwa vya Ssese, na kila mmoja husifu chombo cha kwao.

Chanzo cha ubishi ni amri ya 2017. Mwaka ule Serikali ya Uganda ilipeleka askari ziwani kuzuia uvuvi haramu, na mitumbwi isiyotimia futi 28, yaani mita 8 na nusu hivi, ikakatazwa. Mingi ilichomwa moto. Wenzangu wengine wasema ilikuwa haki tupu, kwa kuwa samaki wachanga walikuwa wakimalizwa. Mimi nasema nia ilikuwa njema, lakini kipimo kilikuwa na kasoro. Futi hueleza urefu. Hazielezi tumbo la chombo wala kazi yake.

Tuanze na mtumbwi wa Ssese. Huu una mkuku chini, na mbao zake hupanda pande mbili kama kifua cha ndege. Zamani mbao hizo zilishonwa kwa nyuzi, siku hizi hupigwa misumari. Kwa kuwa tumbo lake limechongoka, hupasua wimbi badala ya kulipiga, tena mkuku huuzuia usisukumwe ovyo na upepo. Ubaya wake ni kwamba ukisimama huyumba, na kuuvuta pwani kwahitaji watu wengi. Tena uko wa namna mbili. Uliochongoka mbele na nyuma ni mwepesi kwa kafi na tanga. Uliokatwa nyuma ni wa mashine, maana mashine yataka mahali pa kufungwa, na uzito wake wataka tezi pana ya kuubeba. Ukiifunga mashine kubwa kwenye tezi nyembamba, nyuma hudidimia na omo huinuka, na petroli hupotea bure.

Sasa parachuti, hicho kijitumbwi ambacho wakubwa hukidharau. Ni mbao chache, chini ni bapa, na mara nyingi hakifiki futi 20. Katika ghuba iliyotulia, asubuhi, hakuna chombo kinachokipita. Hakizami sana majini, kwa hiyo hupita penye matete. Watu wawili hukitoa majini bila msaada. Na mvuvi aweza kuinama kutoa samaki wavuni kisipinduke. Lakini mawimbi yakiinuka, ubapa ule ule hupiga maji kama kofi, na upepo hukipeleka upendako. Baba yangu mdogo anavyo vyote viwili, wala sijamwona hata siku moja akivuka kutoka kisiwani kwa parachuti upepo wa kusini ukivuma.

Msidhani hii ni hekima ya wavuvi peke yao. Hata wenye kucheza na zile pikipiki za maji za kusimama hubishana vivyo hivyo. Yamaha SuperJet ya 1990, yenye urefu wa mita 2 na robo hivi, ilipendwa na warukao mawimbi, kwa kuwa ni fupi na nyepesi. Mwaka ule ule wa 2017 Kawasaki walitoa SX-R ndefu, yenye tumbo lililochongoka sana na uzito wa kilo 250 hivi. Hiyo ni ya kwenda mbio penye maji yaliyochafuka. Sijasikia mtu akitaka moja ichomwe kwa kuwa ni fupi.

Wataniambia kwamba parachuti huvua pale pale samaki wanapozalia. Ni kweli. Lakini wavu wa matundu madogo waweza kutupwa hata kutoka chombo cha futi 30, nao utafanya uharibifu mkubwa zaidi. Tena tazameni hesabu hii. Mwenye parachuti na kafi mbili akiambiwa atafute chombo cha futi 28, haambiwi kununua mbao tu. Chombo kile ni kizito kwa watu wawili wenye kafi. Chataka mashine, mashine yataka petroli kila siku, na petroli yataka samaki wengi kuliko wale waliotosha nyumbani mwake hapo kwanza. Asiyeweza huwa kibarua katika chombo cha mwingine, na karo ya mtoto wake hungoja.

Kwa maoni yangu sheria ingeuliza kwanza wavu gani, kisha maji gani. Parachuti iruhusiwe ghubani kwa wavu halali, mchana tu, na ipigwe marufuku kabisa maji makuu. Najua baadhi ya wanafunzi wa zamani wako katika kazi za uvuvi, na mmoja au wawili huunda vyombo. Ningefurahi kama wangetuandikia katika toleo lijalo watuambie mpaka huo ungewekwaje ziwani, na nani angeulinda.