Uzi wa Kioo Wenye Matundu na Swali la Tija

Limeota mizizi katika vyuo vikuu vyetu swali moja ambalo huulizwa kwa sauti ya busara, lakini matokeo yake ni kuua elimu. Mtafiti akileta andiko lake la kuomba fedha, huulizwa: "Utafiti huu una tija gani kwa mwananchi wa kawaida, na tija hiyo itaonekana ndani ya miaka mingapi?" Anayeuliza huamini kwamba anamtetea mkulima na mlipa kodi. Mimi nashikilia kwamba hamtetei yeyote. Anachokifanya ni kumpanga mkulima huyo, pamoja na wanawe na wajukuu wake, katika foleni ya kudumu ya wanunuzi wa vitu vilivyobuniwa na mataifa ambayo hayakuuliza swali hilo mapema mno.

Ili tusijadili hewani, nitachukua mfano mmoja tu: utafiti wa nyuzi za kristali fotoniki na mwanga wa leza za kasi. Nimeuchagua kwa sababu andiko lake, lau lingeletwa mbele ya kamati zetu nyingi, lingekwisha kutupwa kapuni kabla ya chai ya saa nne.

Mwaka 1991, mwanafizikia Philip Russell wa Chuo Kikuu cha Southampton, Uingereza, alipata wazo la kutengeneza uzi wa kioo wenye matundu membamba yanayokwenda sambamba na uzi huo kutoka mwanzo hadi mwisho. Aliamini kwamba matundu hayo, yakipangwa kwa utaratibu maalumu, yangeuzuia mwanga usitoroke pembeni, hata kama katikati ya uzi hakuna kioo bali hewa tupu. Tukumbuke kwamba wakati huo nyuzi za kioo za kawaida zilikwisha kuenea. Charles Kao alikuwa ameonyesha tangu mwaka 1966 kwamba kioo kikisafishwa vya kutosha kinaweza kubeba mawasiliano masafa marefu, na mwaka 1988 mkongo wa kwanza wa nyuzi za kioo ulikwisha kuvuka bahari ya Atlantiki. Mjumbe yeyote wa kamati angeuliza, tena kwa haki: nyuzi tunazo na zinafanya kazi, matundu ni ya nini?

Kazi yenyewe ilikuwa ya taabu. Mirija myembamba ya kioo hupangwa kwa mamia, mmoja juu ya mwingine, kwa umbo la masega ya nyuki. Rundo hilo huingizwa katika tanuri lenye joto linalokaribia nyuzi 2000 za Selsiasi, kisha huvutwa mpaka liwe jembamba kama unywele, na matundu yasizibe wala kupoteza mpangilio wake. Uzi wa kwanza uliofanya kazi ulitangazwa mwaka 1996. Tena haukuwa ule uliotafutwa, kwa kuwa katikati yake palikuwa na kioo. Uzi wenye moyo wa hewa ulipatikana mwaka 1999, miaka minane baada ya wazo. Hebu tujiulize, katika miaka minane hiyo, taarifa za utekelezaji za kila robo mwaka zingeandikwa nini?

Sasa tazama kilichofuata. Mwaka 2000, watafiti wa Bell Labs nchini Marekani, Ranka, Windeler na Stentz, walipitisha katika uzi wa namna hii mapigo ya leza ya muda wa femtosekunde. Femtosekunde moja ni sekunde moja iliyogawanywa mara milioni bilioni. Mwanga, ambao kwa sekunde moja waweza kuizunguka dunia zaidi ya mara saba, kwa femtosekunde moja hauvuki hata mwili wa bakteria. Katika kioo cha kawaida, rangi zinazounda pigo kama hilo husafiri kwa kasi zinazotofautiana, hivyo pigo hutawanyika kama kundi la wakimbiaji na nguvu yake hupungua. Mpangilio wa matundu ulibadilisha hali hiyo. Pigo lilibaki limeshikamana na nguvu yake ikakibana kioo chenyewe. Mwanga ulioingia ukiwa na utepe mwembamba wa rangi ukatoka ukiwa na rangi zote za upinde wa mvua na zaidi. Uzi wenyewe ulikuwa na urefu wa sentimita 75 tu.

Upinde huo haukuwa pambo la maabara. Ndani yake masafa ya mwanga hujipanga kwa nafasi zilizo sawa, mithili ya meno ya chanuo. Theodor Hänsch nchini Ujerumani na John Hall nchini Marekani waliona kwamba chanuo hilo, likiwa pana vya kutosha, linaweza kuhesabu mitetemo ya mwanga moja kwa moja. Kabla ya hapo, hesabu hiyo ilihitaji mnyororo wa mitambo iliyojaza vyumba, na ni maabara chache mno za kitaifa zilizoimudu. Baada ya hapo ikafanyika juu ya meza moja. Mwaka 2005 wawili hao waligawana nusu ya Tuzo ya Nobeli ya Fizikia. Leo chanuo la mwanga ndilo linalosoma saa sahihi kuliko zote alizowahi kuzitengeneza mwanadamu. Katika mwaka 1991 hapakuwa na andiko la matundu ambalo lingeweza kuahidi saa.

Nao ule uzi wenye moyo wa hewa? Katika kioo mwanga husafiri kilomita 200,000 hivi kwa sekunde. Katika hewa hukaribia 300,000. Kwa anayeunganisha vituo vikubwa vya kompyuta, tofauti hiyo ni fedha. Watafiti wa Southampton waliunda kampuni ya Lumenisity, na Desemba 2022 ikanunuliwa na Microsoft. Mwaka 2025 ilitangazwa kwamba nyuzi hizo sasa hupoteza mwanga kidogo kuliko uzi wowote wa kioo wa kawaida. Matundu yaliyoonekana kama mchezo wa wasomi yamekuwa mali ya mojawapo ya kampuni tajiri kuliko zote duniani.

Turudi kwetu. Mkongo wa SEACOM ulifika pwani ya Afrika Mashariki mwaka 2009, tukashangilia, na tulikuwa na haki ya kushangilia. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya SEACOM na EASSy ilipokatika baharini, tukajua jinsi benki zetu, ofisi zetu na maduka yetu yanavyoning'inia kwenye nyuzi hizo. Sisemi kwamba maabara yetu ingezuia mkongo usikatike. Ninachosema ni kwamba maisha yetu yamekwisha kufungwa kwenye fizikia ya mwanga. Swali lililobaki ni kama tutaendelea kuijua kwa njia ya ankara peke yake.

Ipo hoja ya upande wa pili, nami siidharau. Inasema: zahanati hazina dawa, watoto wanakaa sakafuni madarasani, wewe unataka fedha za kutoboa vioo? Hoja hii ingekuwa na uzito lau fedha zinazonyimwa utafiti wa msingi zingepelekwa zahanati. Kila anayezifahamu bajeti zetu anajua kwamba jirani wa fungu la utafiti si dawa. Ni posho, semina za kujengeana uwezo, na magari ya kwendea kwenye semina hizo. Wala viongozi wetu wenyewe hawakuwahi kusema kwamba utafiti ni anasa. Mwezi Januari 2007, wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika walihimizana huko Addis Ababa kutenga walau asilimia 1 ya pato la taifa kwa ajili ya utafiti. Kenya ilikwenda mbele zaidi, ikaandika asilimia 2 katika sheria yake ya mwaka 2013. Ahadi hiyo ya sheria haijawahi kukaribiwa. Basi anayetuambia leo kwamba hatuna uwezo, kwanza atueleze alikuwa anaahidi kwa uwezo gani.

Na tusijifariji kwa mafanikio ya wana wetu ughaibuni. Ahmed Zewail alizaliwa Damanhur, Misri, akasoma Chuo Kikuu cha Alexandria. Mwaka 1999 alipata Tuzo ya Nobeli ya Kemia kwa kutumia mapigo ya femtosekunde kuzitazama molekuli zikivunjika na kuungana. Misri ilimpa nishani yake ya juu kabisa. Lakini leza alizozitumia zilikuwa Caltech, Marekani. Jiwe la msingi la mji wa sayansi aliotaka kuujenga nyumbani liliwekwa mwaka 2000, na mradi ukakwama hadi ulipofufuliwa mwaka 2011, baada ya serikali kuangushwa. Nishani ilipatikana upesi. Maabara ilisubiri mapinduzi. Kumpamba mtoto aliyelelewa na jirani si malezi.

Nina neno pia kwa wahadhiri wenzangu. Uzi wa kristali fotoniki ni rahisi kuuchora kwenye kompyuta, na majarida ya dunia yamejaa michoro ya nyuzi ambazo hakuna mtu aliyewahi kuzivuta kutoka kwenye tanuri. Tukipewa uhuru wa kutafiti, kisha tukautumia kuzalisha makala za kupandia vyeo, tutakuwa tumewapa wauliza tija ushahidi waliokuwa wakiutafuta. Uhuru wa utafiti una wajibu wake: kukaa na tatizo gumu miaka mingi, na kukubali kupimwa na wanaolijua.

Basi nini kifanyike? Sidai mnara wa kuvutia nyuzi ujengwe Dodoma kesho. Nadai mambo matatu ambayo hayahitaji miujiza. Kwanza, sehemu moja ya kumi ya fedha za utafiti itengwe kwa utafiti wa msingi, igawiwe kwa ubora wa swali na uwezo wa muulizaji, na neno tija lisiwemo katika fomu zake. Pili, fedha hizo zitolewe kwa muda wa miaka kumi, si miwili. Tatu, vyuo vya Afrika Mashariki viwe na maabara ya pamoja ya leza, badala ya kila chuo kumiliki mashine moja iliyofunikwa kitambaa ikisubiri kipuri. Kituo cha Leza cha Afrika, kilichoanzishwa mwaka 2003 na chenye makao Pretoria, kimekwisha kuonyesha kwamba nchi za bara hili zinaweza kushirikiana vifaa vya aina hii.

Wanaouliza "itatusaidia nini?" waendelee kuuliza, lakini waulize mahali pake: kwenye barabara zinazobomoka kabla ya kuzinduliwa, na kwenye mikataba isiyosomwa. Huko jibu linaweza kupatikana leo. Kwa mtu anayetafuta kujua mwanga unavyokwenda ndani ya tundu dogo kuliko chembe ya vumbi, jibu la kweli ni kwamba bado hatujui, na ndiyo maana anatafuta.