Mkanda ni wa Abiria, Gari ni la Nani?



Hapa Kimihurura hakuna anayepanda pikipiki ya abiria bila kofia ngumu. Sheria imeagiza, tumezoea. Lakini mkanda wa gari bado una wabishi. Ndugu mmoja aliniambia: "Mwili ni wangu, nikifa shauri yangu." Si kweli. Akifa, mjane ndiye atakayehangaikia karo, na sisi wenzake ndio tutakaochanga. Tena asiyefunga mkanda hurushwa akamponda aliyekaa mbele yake.

Ubishi wangu mimi ni mwingine. Kule Kenya, Februari 2004, Waziri John Michuki alilazimisha mikanda katika matatu zote. Magari mengi yakakosekana barabarani, watu wakaenda kazini kwa miguu. Mwishowe mikanda ikawekwa, lakini mingi ikaachwa ichakae, na abiria asiyejifunga akakamatwa.

Nami nilipokuwa kibarua shambani tulibebwa nyuma ya lori, tumesimama juu ya magunia. Mkanda alikuwa nao dereva peke yake. Siku lori lilipopinduka konani, dereva alitoka mzima. Sisi tulizika wawili. Mle ndani tulikuwa na uhuru gani? Hakuna aliyetuuliza kama tunautaka mkanda.

Basi askari asitazame kifua cha mfanyakazi tu, apande na nyuma ahesabu viti. Nasi katika mkataba ujao tudai iandikwe: kila mfanyakazi na kiti chake, kila kiti na mkanda mzima, na mkanda ukikosekana, faini ni ya mwenye gari.